Feni ya Mama Mkunga

Maneno yale niliyasema mimi, wala sikutumwa na mtu. Nilikuwa nimeinama juu ya injini ya gari la Mama Mkunga, nimefungua kifuniko cha rejeta, nimeingiza kidole, na kidole kimetoka kikavu. Mwanawe alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, vile anavyosimama mbele ya wanafunzi wake asubuhi. Ni mwalimu mkuu, na ualimu haumtoki hata siku za mapumziko. Nikainuka, nikajifuta mikono kwa tambara, nikamwambia, "Mama hajaweka maji. Amesahau tena."

Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi langu, mkoba magotini. Akasema kwa upole, "Nimeweka, mwanangu. Leo asubuhi, chupa mbili."

"Mama," nikamjibu, "maji hayana miguu."

Mwalimu Mkuu akacheka kidogo, nami nikacheka. Mama hakucheka. Alitazama mkoba wake, akaufungua, akaufunga. Kila nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi ipasuke initie ndani.

Mimi ni fundi umeme wa magari, mwaka wa thelathini na moja huu. Karakana yangu ni kibanda cha mabati kati ya mziba pancha na jirani yangu tunayemwita Fundi Rejeta, kwa kuwa kazi yake ni hiyo na hana nyingine. Mimi wananiita Shoti. Mteja akiniuliza jambo mara mbili, nalipuka. Akiniambia fulani kasema hivi, nalipuka. Watu wamezoea, wanasubiri moshi upungue kisha wanaendelea na mazungumzo yao. Lakini kazi yangu wanaisifu, na mimi sifa zile nilizila na kushiba, ndiyo maana nikafika hapa nilipofika.

Mama Mkunga ana miaka sabini na minne. Alikaa wodi ya wazazi karibu miaka arobaini, na ukisimama pale sokoni ukarusha jiwe utampata mtu aliyepokelewa duniani na mikono yake. Binti zangu wawili ni miongoni mwao. Wa pili alitoka amezungushiwa kitovu shingoni, rangi imeshabadilika, na mimi nimesimama mlangoni naita tu jina la Mungu. Mama akanifukuza. "Toka hapa, unanipotezea hewa." Baada ya muda nikasikia mtoto analia. Basi huyo ndiye mama niliyemwambia maji hayana miguu.

Gari lilikuwa la marehemu mumewe, aliyekuwa mpima ardhi. Ni gari dogo, rangi ya majivu, la siku zile ambazo milango ilifungwa kwa kishindo kizito na kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu. Mzee alilitunza mwenyewe hadi anafariki, hakuna fundi aliyeruhusiwa kuligusa. Alipoondoka, Mama akaendelea kuliendesha. Magoti yake hayamruhusu kutembea mbali, na mwenyewe hajakubali kukaa ndani. Kila wiki huenda na kina mama wenzake kuwatazama wazazi wapya, kuwaonyesha namna ya kumfunika mtoto na kumweka titini. Gari ndilo miguu yake.

Mwaka huu mwanzoni, panga moja la feni yake ya zamani lilipata ufa. Magari ya umri ule feni haina umeme, imefungwa mbele ya injini na inazungushwa na mkanda. Panga likikatika gari likiwa kwenye mwendo linaweza kuingia ndani ya rejeta au kutoboa boneti. Nikatafuta feni nyingine kila duka la vyuma chakavu, nikaambulia patupu. Ndipo nikaja na wazo langu.

"Tunaitoa hii," nikamwambia Mama, "nakuwekea feni ya umeme. Gari lako litakuwa na pangaboi."

Akacheka hadi akashika kiuno. "Basi na mimi niwekee moja chumbani."

Nikaifunga nyuma ya rejeta, kati yake na injini, ili ivute upepo kutoka nje, uipite rejeta, uipoze. Nikaweka kijiswichi cha joto: maji yakipata moto feni inawaka, yakipoa inazima. Umeme nikauchukua moja kwa moja, usipite kwenye ufunguo, ili feni iendelee kupoza hata gari likishazimwa. Waya mwekundu kwenye moto, yaani upande unaoleta umeme, mweusi kwenye bodi ya gari, jinsi nilivyofanya kwa magari mia tatu kabla ya hilo. Feni ikazunguka, ikavuma vizuri. Nikamkabidhi Mama ufunguo na kifua mbele.

Wiki mbili hazikupita, matatizo yakaanza. Barabara ndefu gari lilikwenda salama. Likiingia kwenye foleni, mshale wa joto unapanda, moshi unatoka, Mama anasimama kando huku watu wanampigia honi. Akiliacha gari sokoni nusu saa, anarudi anakuta betri imekufa, hata honi hailii. Likivutwa hadi kwangu, nafungua rejeta, kukavu. Napima betri, tupu. Na mimi Shoti, mwenye miaka thelathini ya kazi, nikatoa hukumu pale pale: maji hukuweka, taa hukuzima. Betri niliitoa, nikaichaji, nikairudisha. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu hivyo hivyo. Dainamo, ambayo ndiyo inayochaji betri, sikuipima hata siku moja, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari.

Mara ya tatu ile Mama alikuja na ushahidi. Alikuwa amemwita jirani yake juu ya ukuta, akamwambia, "Simama hapo unione nikitia maji." Jirani akasimama, akaona, na akanipigia simu kunithibitishia. Unajua nilimjibu nini Mama? Nilimwambia, "Jirani anakuonea huruma tu." Siku hiyo, alipokuwa anaondoka, nilimwona amerudi mara mbili kugusa mlango aliokwisha kuufunga.

Mwalimu Mkuu alikuwa akinipigia kila mara. "Fundi, niambie ukweli, usinifiche." Nami sikumficha. Nilimwambia mama yake anasahau, na nikatia chumvi, nikamwambia nimewaona wazee wengi wakianza hivi. Sitaki mtu amwone yule bwana kuwa mbaya. Baba yake aliondoka ghafla, na alikuwa anaogopa kumpoteza na mama, apate habari kwamba amechomekea gari chini ya lori kwenye foleni. Mtu mwenye hofu hushika ushahidi wowote anaopewa, na ushahidi mimi nilikuwa naugawa bure.

Ijumaa moja asubuhi akaja na gari yeye mwenyewe. Akanionyesha ufunguo kwenye kiganja, umefungwa kwa kipande cha bendeji.

"Amenipa mwenyewe," akasema. "Hata sikumwomba, fundi. Amekuja na ufunguo, amesema, chukua, kabla sijaua mtoto wa mtu." Akaufunga ufunguo kiganjani. "Kesho tunakutana nyumbani kwake. Nimepata mtu wa kulinunua gari. Mama anahamia kwangu. Wewe lisawazishe tu lisichemke mnunuzi akilijaribu."

"Hakuna shida, Mwalimu."

"Na kesho uje, saa nne. Mama mdogo anabisha, dada yangu anabisha. Njoo uwaeleze kiufundi. Wewe watakusikiliza."

Nikasema nitakuja. Nilijisikia mtu muhimu, nisiseme uongo.

Alipoondoka nikajaza maji kwa mkono wangu, chupa mbili zikaingia zote, rejeta ikajaa pomoni. Nikawasha injini, nikaliacha gari lingurume pale lilipo, nikaenda kutafuta waya. Haikupita robo saa nikasikia mlio kama chungu kinachofurika. Nikakimbia. Maji yalikuwa yanatapikwa kwa ule mrija mdogo wa pembeni, yanamwagika chini, yananirukia miguuni. Feni inavuma, inazunguka kwa nguvu zake zote, na gari linachemka.

Nikazima. Baadaye, lilipopoa, nikaingiza kidole kwenye rejeta. Kikavu.

Nilikaa kwenye benchi langu, pale pale alipokaa Mama. Maji nilikuwa nimeweka mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, na sasa hayapo.

Nikasimama, nikachukua mita nipime dainamo. Ncha nyekundu kwenye moto, nyeusi kwenye bodi. Mshale wa mita, badala ya kwenda kulia, ukaruka kushoto ukagonga ukingoni. Nikaipiga mita kofi. Nikajaribu tena. Ukaruka kushoto tena. Nikaipiga kofi la pili.

"Imekukosea nini, maskini?" Fundi Rejeta aliuliza kutoka kwake, akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Nilikuwa nimekwenda nyuma kufungua boksi la betri. Nguzo za betri hazilingani, ya chanya ni nene na ya hasi ni nyembamba, na vifungo vya waya vimetengenezwa kwa unene wake. Mara tatu niliirudisha betri ile, na mara tatu mikono yangu ilifunga nene kwa nene na nyembamba kwa nyembamba huku kichwa kiko kwingine. Sasa nikaufuata ule waya mnene kwa kidole, kutoka kwenye alama ya kujumlisha, chini ya kapeti, mpaka mwisho wake. Uliishia kwenye bodi.

Chanya kwenye bodi. Kuna magari ya zamani yaliyofungwa hivyo, kinyume na haya tuliyoyazoea. Nilifundishwa hilo nikiwa kijana, nikalijibu hata kwenye mtihani, kisha kwa miaka thelathini sikukutana nalo zaidi ya mara mbili. Na feni ya umeme ukiigeuzia waya haigomi, wala haiungui. Inazunguka kinyume, basi.

Nikarudi mbele, nikajaza maji upya, nikaliwasha gari, nikasubiri feni ianze. Ilipoanza nikasimama mbele ya gari, ambapo upepo ungepaswa kunipita ukiingia ndani. Upepo wa moto ukanipiga tumboni. Feni yangu ilikuwa inachukua joto la injini na kulisukuma kwenye rejeta kutoka nyuma. Barabara ndefu upepo wa mwendo uliishinda. Kwenye foleni ilishinda yenyewe, ikapika maji hadi yakatapikwa yote. Na kwa kuwa rejeta haikupoa, kijiswichi hakikuizima, ikaendelea kuzunguka hata Mama akishazima gari na kwenda sokoni, ikainyonya betri mpaka tone la mwisho. Hata gari likiwa limewashwa kwenye foleni, dainamo za zamani injini ikienda polepole hazitoi kitu cha maana, kwa hiyo betri ilikuwa inatoa tu na hairudishiwi.

Fundi Rejeta alikuja na karatasi ya kufungia vitafunio, akaiweka mbele ya rejeta. Ingetakiwa inaswe pale. Ikamrukia usoni. Akaangua kicheko, akapiga mapaja, kisha akaniona nilivyo, akakitoa kicheko usoni polepole.

"Ni wewe uliyeifunga?"

"Ni mimi."

"Na mama wa watu..."

"Nyamaza," nikamwambia.

Kuitengeneza ilikuwa waya mbili. Niliugeuza mwekundu ukaenda kwenye bodi na mweusi ukaenda kwenye moto, na umeme nikaupitisha kwenye ufunguo ili gari likizimwa feni nayo ilale. Dakika ishirini, na kumi kati ya hizo nilikuwa natafuta bisibisi iliyokuwa mfukoni mwangu. Karatasi ikanasa kwenye rejeta. Gari likanguruma saa nzima limesimama, mshale wa joto haukufika hata nusu, na feni ilifanya kazi dakika mbili tatu tu kisha ikapumzika, ikaiachia betri nafasi ya kujaa.

"Umemaliza," Fundi Rejeta akasema. "Kesho nenda waambie kulikuwa na kifaa kibovu, umekibadilisha. Nani atakwenda kufuatilia rangi za waya?"

Hakuna ambaye angefuatilia, na hilo ndilo lililonitesa mchana kutwa. Ningekwenda pale, ningeshukuriwa, gari lingeuzwa likiwa zima, na Mama angehamia chumba cha nyuma kwa mwanawe akiwa mtu anayesahau. Angeishi hivyo mpaka mwisho wake, akiulizwa kama amekunywa dawa, akifuatwa jikoni. Nilitamani kumkasirikia mtu. Nilimtafuta wa kumkasirikia, mtengeneza gari, muuza feni, hata marehemu kwa kutoniachia maelezo, na hasira ikawa inarudi kwangu kila mara. Wateja wawili walinijia siku hiyo, wakaniuliza mambo mara mbili mbili, sikulipuka. Mmoja aliniuliza kama naumwa.

Jumamosi saa nne niliegesha gari lile mlangoni kwa Mama Mkunga. Sebule nilikuwa naijua, ila siku hiyo ilikuwa imevuliwa. Vitambaa vya kufuma vimeondolewa kwenye viti, picha ya Mzee na darubini yake ya kupimia imetolewa ukutani, pamebaki mraba mweupe. Mlangoni kulikuwa na masanduku mawili na cherehani iliyofungwa kamba. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama katikati. Mama mdogo, yaani mdogo wake Mama Mkunga, alikuwa amekunja mikono na kuvimbisha mashavu. Simu ilikuwa mezani imewekwa sauti juu, ndani yake binti wa Mama aliye mbali. Mama Mkunga alikaa karibu na dirisha, amevaa nguo yake nzuri na viatu, mkoba magotini, amekaa ncha ya kiti kama mgeni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Shoti. Karibu."

Mwalimu Mkuu hakupoteza wakati. "Fundi amefika. Fundi, waeleze."

Nikaanza na waya, nikaanza na bodi na chanya na hasi, na nikaona wote wanakunja nyuso. Mama mdogo akanikata.

"Baba, hapa hakuna fundi. Sema kama unavyosema na watu."

"Feni niliifunga kinyume," nikasema. "Ilikuwa inapuliza moto badala ya kupoza. Gari lilikuwa linatapika maji yote kwa sababu hiyo. Betri iliisha kwa sababu ya feni hiyo hiyo. Mama hakusahau maji. Mama hakusahau taa. Kosa ni langu mimi, mwanzo hadi mwisho."

Sauti kwenye simu ikasema, "Rudia hapo," nami nikarudia.

Mwalimu Mkuu alinitazama, mdomo wazi. "Mbona uliniambia... Wewe si uliniambia kwa mdomo wako?"

"Nilikuambia, Mwalimu."

"Nimempeleka kwa daktari!" Alipandisha sauti, na mimi niliyezoea kupandishia watu sauti nikasimama kama mwanafunzi wake. "Nimemwambia mama yangu mzazi, mbele ya mke wangu, asiwabebe wajukuu akiwa peke yake. Unajua maana yake? Kwa maneno yako wewe!"

"Najua."

"Hujui!" Akageukia dirisha, akageuka tena. Alikuwa anatafuta pa kushika. "Lakini ile chumvi je? Aliyoitia kwenye chai?"

"Chumvi hata mimi naitia," Mama mdogo akasema. "Na wewe uliiacha pete yako ya ndoa bafuni kwangu wiki nzima, mbona hatukukupeleka kwa daktari?"

Mtu kwenye simu alicheka huku analia. Mwalimu Mkuu akakaa juu ya sanduku mojawapo, akashika kichwa.

Sasa Mama Mkunga akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ile ile ya wodini, "Ulimwambia nani mwingine?"

"Fundi Rejeta, Mama. Na mziba pancha."

"Na wewe?" Akamgeukia mwanawe.

"Hawa hapa," Mwalimu Mkuu akasema. "Na kaka. Na mama kiongozi wenu, wa kutembelea wazazi. Nilidhani wajue, wawe wanakuangalia."

"Ndiyo maana," Mama akasema. Akaitazama mikono yake. "Miezi miwili sasa hawanipi mtoto nishike. Tukifika, wanamchukua wao, mimi wananipa kiti. Nikadhani labda mikono imeanza kutetemeka sijui." Kisha akaniambia, "Piga simu."

Nikapiga. Nilimpigia mwanawe mwingine, nikajieleza ni nani, nikasema kosa langu. Nikampigia mama kiongozi, naye hakuelewa, akadhani nauza feni, nikaanza upya. Alipoelewa akaomba kuongea na Mama, Mama akatikisa kichwa. Nikampigia mziba pancha, akaniuliza kama nimelewa saa nne asubuhi. Kila simu niliyakuta maneno yamekuwa mafupi zaidi. Ya mwisho niliyasema kwa pumzi moja: mimi ndiye niliyekosea, Mama hakusahau chochote.

Nikaiweka simu mezani. Nilidhani nimemaliza, nikawa natafuta namna ya kuaga.

"Bado mmoja," Mama akasema.

"Nani, Mama?"

"Mimi. Umewaambia wote, mimi hujaniambia."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeongea na chumba kizima, na simu tatu, na yeye nilimtaja tu kama mtu asiyekuwapo. Nikaenda, nikachuchumaa mbele ya kiti chake, maana kumwangalia nikiwa nimesimama sikuweza.

"Mama, hukusahau."

Akatikisa kichwa. "Miezi mitatu najiogopa, mwanangu. Nikizima taa ya chumbani nasimama gizani najiuliza nimeizima au naota. Nisemee moja moja." Akavuta pumzi. "Ile Jumanne, nikienda hospitali, pale penye ujenzi wa barabara."

"Maji uliweka, Mama."

"Siku ya pili yake, sokoni. Mvua ilikuwa inanyesha, taa niliziwasha njiani."

"Ulizizima. Betri ilimalizwa na feni."

"Jumapili ya mazishi ya mwenzetu."

"Uliweka."

Akaendelea. Mwalimu Mkuu alikuwa ametoa karatasi mfukoni, orodha aliyomwandikia daktari, siku zote ambazo mama yake alisahau, na nikamwona anaifuata kwa kidole kadiri Mama anavyozitaja. Tarehe, mahali, alikuwa anakwenda kwa nani, alivaa nini, nani aliyemsukumia gari. Mama hakutazama popote ila machoni mwangu. Kidole cha mwanawe kilishuka mstari kwa mstari, hakikuruka hata mmoja, kikafika chini ya karatasi.

"Na ile Alhamisi ya kwanza kabisa," Mama akasema, "kwenye mteremko wa kiwandani. Hiyo sikumwambia mtu. Nilikaa ndani ya gari nikalia mpaka likapoa."

Mwalimu Mkuu aliitafuta kwenye karatasi yake, akaigeuza nyuma, akaitafuta tena. Haikuwamo.

"Uliweka, Mama," nikamwambia. "Siku hiyo pia uliweka."